Afya Nyumbani: Mishipa ya Ubongo, Urithi wa Ukoo, na Kiharusi



Mwezi huu tumechagua swali lizungumzwalo katika nyumba nyingi, ila aghalabu huzungumzwa kwa kunong'ona. Babu alipooza upande mmoja. Baada ya miaka, baba naye akaanguka ghafla, mdomo ukapinda na ulimi ukawa mzito. Sasa watoto wanatazamana, na kila mmoja anajiuliza moyoni: "Je, mimi nami nimeandikiwa hayo?" Majirani nao hawakosi la kusema. Wako wasemao ni laana ya ukoo, wako wasemao ni jini, na wako wanyosheao kidole bibi kizee wa nyumba ya pili. Na kijana akitaka kuposa katika nyumba hiyo, huambiwa: "Usioe pale, wale wana maradhi ya damu."

Maneno haya husikika katika mitaa ya Nyasubi pale Kahama kama yasikiwavyo katika vijiji vya machimbo hata Geita, na pwani pia. Si maneno ya mchezo. Katika nchi ya Usukuma wamekwisha kuuawa wanawake wazee kwa kudhaniwa wachawi, na macho yao mekundu yakafanywa ushahidi. Kwa hiyo yatupasa tujue kwa uhakika: ni kitu gani katika kiharusi mtu huzaliwa nacho, ni kitu gani hurithi kwa wazazi wake, na ni kitu gani hukileta mwenyewe kwa mwendo wa maisha yake. Mambo haya ni matatu, nayo watu huyachanganya yakawa moja.

Duara lililo chini ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu, lakini hutumia sehemu kubwa ya damu isukumwayo na moyo kupita kiasi cha uzito wake. Ukikosa damu kwa dakika chache tu, sehemu iliyokosa huanza kufa. Ndiyo maana Muumba hakuupa njia moja tu ya kuletewa damu, bali ameupa njia nne. Mishipa miwili mikubwa hupanda mbele ya shingo, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukiweka vidole chini ya taya utaisikia ikipiga. Mingine miwili, iliyo myembamba zaidi, hupanda kwa nyuma ikipita katika vitundu vya mifupa ya shingo, kisha huungana ikawa mmoja.

Mishipa hiyo ifikapo chini ya ubongo huunganishwa na mishipa midogo, ikafanya umbo la duara. Duara hili lafanana na ule mzunguko wa barabara ambao watu wa mjini huuita kipilefti. Njia moja ikizibwa, magari yaweza kuzunguka yakaingia kwa njia nyingine. Kadhalika damu: mshipa wa kulia ukianza kuziba polepole, damu ya kushoto au ya nyuma yaweza kuvuka ikaulisha upande wa kulia.

Tabibu wa Uingereza aitwaye Thomas Willis alilieleza duara hili vizuri katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1664, na miongoni mwa waliomchorea picha alikuwamo Christopher Wren, yule aliyejenga kanisa kubwa la St Paul's mjini London. Willis alieleza habari za mtu mmoja ambaye mshipa wake mkubwa wa shingo ulikutwa umeziba, naye katika uhai wake hakupooza, kwa sababu njia nyingine zilikuwa zimechukua kazi ya ile iliyozibwa. Mpaka leo madaktari huliita duara hilo kwa jina la Willis.

Kuzaliwa na jambo si kuhukumiwa

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye swali letu. Duara hili lichorwavyo vitabuni, limetimia pande zote, halipatikani kwa kila mtu. Chunguzi nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watu wenye duara lililotimia kama la kitabuni mara nyingi hawafiki hata nusu. Wengine wana kiungo kimoja chembamba kama uzi. Wengine hawana kiungo kimoja kabisa. Wengine mshipa wa nyuma ya ubongo haukutoka nyuma, bali umetoka katika mshipa wa mbele ya shingo, kama ulivyokuwa walipokuwa tumboni mwa mama zao. Basi mtu asishtuke akiambiwa kwamba mishipa yake "si ya kawaida". Katika jambo hili, wasio kama kitabu ni wengi.

Je, tofauti hizi huleta kiharusi? Jawabu ni kwamba peke yake aghalabu haziletei mtu dhara lolote. Huishi nazo miaka 80, akalima, akazaa, akafa kwa ajali yake nyingine. Ila zina maana siku ya shida. Mtu ambaye kiungo chake kimekosekana ni kama mji usio na njia ya kuzungukia: barabara kuu ikiwa nzima, hakuna ajuaye, barabara ikizibwa, mji wote husimama. Kwa hiyo mshipa wa shingo ukijaa mafuta na kuziba, mwenye duara lililotimia aweza kuokoka, na mwenye duara pungufu aweza kupooza. Lakini angalieni: kilicholeta balaa ni kule kuziba. Duara pungufu limekosa tu kuokoa.

Iko pia namna ya pili. Pale duara lisipolingana pande zote, damu huja kwa nguvu upande mmoja na kugonga penye njia panda ya mishipa. Baada ya miaka mingi, ukuta wa mshipa pale mahali waweza kulegea ukafanya kivimbe mfano wa puto dogo. Wengi wenye kivimbe hiki hawajui kama wanacho, wala hakiwapasukii. Kikipasuka, mtu hupata ghafla maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani mwake, shingo ikakakamaa, akatapika au akazimia. Maumivu ya namna hiyo si ya kutulizwa kwa vidonge vya dukani. Ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Na je, tofauti hizi za mishipa hurithiwa? Hapa wengi hukosea, maana hudhani kila mtu azaliwacho nacho amekirithi. Sivyo. Mishipa ya ubongo hutengenezwa tumboni katika miezi ya mwanzo, na mwendo wa damu wenyewe huamua njia ipi ikue na ipi ibaki nyembamba. Hata mapacha wa yai moja, ambao urithi wao ni mmoja, waweza kutofautiana katika duara hili. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi kufuata ukoo ni vile vivimbe: nyumba ambayo watu wawili au zaidi wa damu moja ya karibu, kama vile mzazi na ndugu, wamepata kupasukiwa na kivimbe, yafaa waliobaki wamweleze daktari ili aamue kama wapigwe picha ya mishipa. Tena wote katika nyumba hiyo waiogope sigara na presha kama waogopavyo moto, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yapasuayo.

Ukoo mmoja, chungu kimoja

Basi kwa nini babu, na baba, na ami wote wapooze? Mara nyingi wanachoshirikiana ni shinikizo la damu, yaani presha. Presha ina sehemu yake ya urithi, hilo halikanushwi. Lakini watu wa ukoo mmoja hawarithiani damu tu. Hula chungu kimoja, chenye chumvi ile ile na mafuta yale yale, na aghalabu wakavuta tumbaku ile ile.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika mitaa ya Dar es Salaam. Walipokwisha kusawazisha hesabu kwa umri, walikuta Hai kama watu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam kama watu 316. Ni nchi moja, lakini hesabu ya mjini ilikaribia mara tatu ya ile ya shamba. Je, watu wa Dar es Salaam wanazaliwa na mishipa ya namna nyingine? Laa. Wengi wao ni watoto wa mashamba hayo hayo. Kilichobadilika ni maisha.

Na uchunguzi mkubwa wa nchi 32 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi ambayo mtu aweza kuyarekebisha yalihusika na kama sehemu 9 katika 10 za hatari ya kiharusi duniani. La kwanza katika hayo kumi lilikuwa presha. Haya basi, ni fedheha gani kumtafuta mchawi mtaa wa pili, na hali kipimo cha presha kipo zahanati!

Urithi wa kweli wa nchi yetu

Tumesema urithi si sababu kubwa ya viharusi vya wazee. Lakini uko urithi mmoja ambao huleta kiharusi kwa watoto, nao ni mwingi katika nchi za kuzunguka Ziwa Viktoria, Shinyanga na Geita zikiwamo. Urithi huo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita siko seli.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye ugonjwa huu hujikunja mfano wa mundu wa kukatia majani. Huwa ngumu, hushikamana, na hukwaruza kuta za mishipa. Na mahali ziharibupo sana katika ubongo ni pale pale tulipopataja: mwisho wa ile mishipa mikubwa ya shingo, inapoingia katika duara. Njia huwa nyembamba, damu hupita kwa kasi kama maji katika mpira uliobanwa mdomo, na siku moja huziba. Kwa watoto wenye ugonjwa huu ambao hawakupata kinga, kama mmoja katika kila 10 hupigwa na kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Wengine zaidi hupata kiharusi cha kimya, kisichowapooza viungo, bali hudhoofisha akili. Mtoto aliyekuwa akihifadhi sura zake vizuri madrasani huanza kusahau. Enyi walimu na wazazi, mtoto mwenye selimundu akibadilika hivi msimpige fimbo, mpelekeni akapimwe.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Kama mtoto mmoja katika kila watano alikutwa amebeba chembe ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Yapasa tupambanue kati ya hao wawili. Mbebaji ni yule aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu. Huyu si mgonjwa, wala hana sababu ya kuona haya. Tena mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba chembe hiyo humkinga mbebaji na ukali wa malaria. Ndiyo sababu imeenea sana mahali palipo na mbu wengi. Mgonjwa ni yule aliyerithi kwa wazazi wote wawili.

Posa na kipimo

Fanyeni hesabu hii pamoja na vijana wenu. Ikiwa mtu mmoja katika watano ni mbebaji, basi wakioana watu wasiojuana hali zao, katika kila ndoa 25 iko moja ambayo mume na mke wote ni wabebaji. Na katika ndoa hiyo, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuleta mtoto mgonjwa, mafungu mawili la kuleta mbebaji, na fungu moja la kuleta mtoto asiye na chembe hiyo kabisa. Kila mimba huhesabiwa upya, wala mtu asiseme, "Wa kwanza alikuwa mgonjwa, basi watatu wafuatao wamesalimika."

Katika ndoa za binamu fungu hilo huzidi pale ambapo babu au bibi yao alikuwa mbebaji, kwa kuwa wote wawili wamechota kisima kimoja. Sheria yetu haikukataza ndoa hizo, wala sisi hatuzikatazi. Twasema tu kwamba kabla ya kupokea mahari, kijana na binti wapimwe damu. Kipimo hiki si cha kumtia mtu aibu, wala walii asikione kuwa ni dharau. Mnunuzi wa shamba huuliza habari za maji. Je, habari za watoto wasiozaliwa zisiulizwe?

Na wakikutwa wote ni wabebaji, uamuzi ni wao baada ya kushauriana na tabibu na wazee wao. Wako watakaoachana kwa wema kabla ya nikaha, na wako watakaooana wakijua lililo mbele yao, ili mtoto apimwe mara azaliwapo na matibabu yaanze mapema. Kisichofaa ni kutokujua, halafu mtoto akiugua, mume akamrudishia mke lawama zote. Ugonjwa huu haumpati mtoto ila baba na mama wameuchangia sawa sawa.

Habari njema ni kwamba kiharusi cha watoto hawa chaweza kuzuiwa. Kiko kipimo cha mawimbi ya sauti kiwekwacho ubavuni mwa kichwa, bila sindano wala maumivu, nacho huonyesha kasi ya damu katika mishipa ya duara. Wastani wa kasi ukifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1998 ulithibitisha kwamba watoto wa namna hiyo wakiongezewa damu kwa mpango kila mwezi, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za viharusi huzuilika. Kuongezewa damu kila mwezi ni jambo zito katika nchi zetu. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2019 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Cincinnati, Marekani, waliwapima watoto wa kanda ya Ziwa, na waliokuwa na kasi kubwa wakapewa dawa ya haidroksiyurea. Kasi ile ikapungua. Basi mzazi wa Kahama au Geita mwenye mtoto wa selimundu asikae nyumbani akingoja maumivu tu. Amuulize daktari habari za kipimo hiki na dawa hii.

Yatupasayo nyumbani

Kwanza, kila mtu mzima apimwe presha, ijapokuwa hajisikii vibaya, kwa maana presha haina maumivu. Ikionekana mara kwa mara kufika 140 juu au 90 chini, ahudhurie matibabu.

Pili, aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa kuwa amejiona mzima. Na mwezi wa Ramadhani usipofika bado, amwendee daktari wake ampangie dawa za futari na daku. Akiambiwa kwamba saumu itamdhuru, ajue kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu haikataliwi kwa kiburi.

Tatu, tupunguze chumvi chunguni, na vijana waiache sigara. Tumbaku yalimwa kwa wingi huku Kahama, na wengi huiona ni kitu cha nyumbani. Lakini moshi wake haumtambui mwenyeji na mgeni.

Nne, tujue dalili. Uso ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea upande mmoja, maneno yakikokota, hicho ni kiharusi, awe mzee au mtoto. Tazameni saa, mkumbuke dalili zilianza wakati gani, kisha mpelekeni hospitali bila kupitia kwa mganga. Mlazeni ubavu, msimlishe wala msimnyweshe kitu, maana chaweza kumpalia. Msimpe aspirini kwa kubahatisha, kwa sababu viharusi vingine ni vya mshipa kuziba na vingine ni vya mshipa kupasuka, na picha ya hospitali ndiyo ipambanuayo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ipatikanapo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Kisomo cha Kurani kwa mgonjwa ni kheri, nacho chasomeka hata ndani ya gari liendalo hospitali.

Ndugu zangu, umbo la mishipa tuliyozaliwa nayo hatukulichagua, wala hatutaulizwa. Tutakaloulizwa ni amana ya mwili tuliyopewa, na haki za watoto tunaowaleta duniani, na dhuluma ya kumsingizia kizee asiye na hatia. Mwenyezi Mungu atupe afya, awaponye wagonjwa wetu, na atuongoze katika lililo jema. Amin.